Kiguu na Njia na Vibanda Vinne vya Simu

Mshonaji mmoja alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini jina hilo lilibaki kwenye cheti cha ndoa. Kijiji kizima kilimwita Kiguu na Njia, na wenye haraka walimwita Kiguu tu. Jina lilimkaa kama gauni alilojishonea mwenyewe. Hakuwa mtu wa kukaa kitako. Akishona, ni mguu tu uliokuwa kwenye cherehani; mwili uliobaki ulikuwa mlangoni, ukichungulia nani amepita, anakwenda wapi, na kwa nini hakusalimia. Akila, alizunguka na sahani mkononi. Mumewe alikuwa seremala mpole, mtu wa kupiga randa ubao mmoja asubuhi nzima bila kutoa neno, na watu walipomuuliza habari za mkewe alijibu kwamba yeye alioa upepo akaujengea nyumba.

Chumba cha kushonea kilikuwa njiapanda. Mbele ya dirisha lake kilisimama kibanda cha simu ya umma, cha chuma cha bluu na vioo pande tatu. Zamani watu walikipangia foleni, wakagombana kwa sababu ya mtu anayemnong'onezea mchumba huku wengine wana msiba. Kisha simu za mkononi zikaingia na foleni ikayeyuka. Lakini simu hizo nazo zilikuwa na maringo yake kule milimani. Kijijini pale ilibidi upande kilima cha nyuma ya shule, uinue mkono kama unayeomba ruhusa kwa mwalimu, ndipo mtandao ukuonee huruma. Machimboni, kwenye mawe, ulipatikana kwa kubahatisha. Huko bonde la chini haukuwahi kufika kabisa. Hata hivyo watu walisema maendeleo yamekuja, na siku kibanda kilipokata roho hakuna aliyekililia.

Kiguu alijua kimekufa. Aliinua mkonga wa simu siku moja akasikia kimya kitupu, akaurudisha. Kisha akatazama vile vioo vitatu na mlango unaofungika, akapata wazo. Akatundika humo magauni aliyomaliza kushona. Wapita njia wakayaona, biashara ikachangamka. Akajisifu kwa mumewe kuwa amepata kabati la maonyesho bila kulipa kodi.

Mambo yalikaa hivyo hadi mchana mmoja wa mvua, mchimba mawe alipotokea barabarani anakimbia, matope hadi magotini. Hakubisha hodi. Alifungua kibanda, akayasukuma magauni pembeni, akainua mkonga. Akaugonga. Akausikiliza tena.

"Hiyo haifanyi kazi, baba," Kiguu alimwambia akiwa mlangoni.

Yule mtu alimgeukia. "Haifanyi kazi? Jiwe limemwangukia mwenzangu mguuni. Simu ya machimboni imekufa. Nimekimbilia ya kituo cha misitu, nayo imekufa. Nikaona nguo humu kutoka kule juu, nikasema pale kuna watu, pale simu itakuwa nzima. Nikaacha njia ya mkato ya kwenda barabara kuu."

Kiguu alirudi ndani. Alichukua simu yake ya mkononi akapanda mbio kile kilima, kanga imelowa na kumganda miguuni. Wingu lilikuwa limeketi kilimani na mtandao haukuonekana. Alizunguka huku na huku na mkono juu, akateleza, akainuka, akajaribu tena. Mwishowe ni lori la mbao lililopita kwa bahati ndilo lililombeba majeruhi. Alipona. Mguu haukupona; walimkata chini ya goti.

Hakuna aliyemlaumu Kiguu. Mumewe alimwambia kwamba simu haikuwa yake na jiwe halikuwa lake. Lakini yeye aliyaondoa magauni yote kibandani jioni hiyohiyo, na tangu hapo hata usingizi wake ulikuwa wa kugeukageuka.

Kampuni ya simu haikuwa mbali naye kama ilivyoonekana, maana mdogo wake wa kiume alikuwa fundi wa laini. Alipokuja kula Jumapili, Kiguu alimngoja ashibe kidogo, kisha akamwanza.

"Mdogo wangu, vile vibanda vya simu mtakuja lini kuvitengeneza?"

Fundi alitazama sahani yake. "Dada, acha nile."

"Kula. Masikio hayali."

"Havitengenezwi tena. Vinang'olewa. Vyote vinne, cha hapa, cha machimboni, cha misitu na cha bonde la chini. Makao makuu wameangalia, wanasema havipigiwi wala havipigi."

"Maiti itapigaje simu?"

"Mimi si meneja, dada. Mimi nina ngazi na koleo."

"Basi niambie meneja anakaa wapi."

Seremala alicheka hadi akapaliwa. Alimwambia fundi, "Umekwisha, shemeji. Wewe umemwonyesha mbwa mfupa."

Wiki ile Kiguu alipanda lori la mawe hadi mjini. Ofisi ya kampuni ilikuwa na ukumbi wenye viti vilivyofungwa pamoja kwa chuma, na katibu muhtasi mwenye kucha ndefu aliyemwambia akae angoje. Angoje! Alimaliza kutembea ukumbi ule kwa urefu na upana, akasoma matangazo yote ukutani, akamnyooshea katibu kola iliyopinda, na alipoanza kusoma matangazo kwa sauti, meneja alitoka mwenyewe kuona kuna nini.

Meneja alikuwa mtu mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyomchosha Kiguu, kwani kila alichouliza kilijibiwa kwa upole na hakikusogea. Vibanda vina gharama. Nyaya zinaibwa. Watumiaji hawapo.

"Watumiaji wapo," Kiguu alisema. "Simu ndiyo haipo. Mnafunga kisima halafu mnasema watu hawana kiu."

Meneja alicheza na kalamu. Kisha akasema atafanya jambo moja. Atamtuma fundi avitengeneze vyote, na vitaachwa hadi mwisho wa mavuno. Vikitumika, ataviombea. Visipotumika, asimlaumu.

Kiguu alirudi amekaa juu ya mawe kwenye lori, anaimba. Mdogo wake alipanda nguzo, akabadilisha nyaya na mikonga, akapaka mlango grisi, na njiapanda mlio wa simu ukasikika tena. Watu walikuja kuusikiliza, wakacheka, wakaenda zao.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Alichukua baiskeli ya mumewe akazunguka vijiji vyote vinne, mlango kwa mlango, akihimiza watu watumie vibanda. Kila mahali waliitikia vizuri: "Tutapiga, mama, tutapiga." Hawakupiga. Cherehani ikalala. Sare za shule zikachelewa, bibi harusi mmoja akavaa gauni ambalo pindo lake lilikuwa bado na pini. Seremala alijipikia, akajifulia, na siku moja alijishonea kifungo kwa uzi wa kufungia mbao.

"Mke wangu," alimwambia, "nyumba hii nayo ina mtu anayengoja kupigiwa."

Kiguu alimshika bega, akaahidi kupumzika, na kulipokucha alikuwa ameshaondoka.

Alipoona himizo halisaidii, akapata wazo jingine, na mawazo yake hayakuwa yote ya baraka. Aliunda kamati, watu wawili kila kijiji, akiwa yeye mwenyekiti. Akawapangia watu zamu wapigiane, kibanda kwa kibanda, wasalimiane tu, mradi simu ionekane inatumika. Machimboni wapige misitu, misitu wapige njiapanda. Ikawa mchezo mzuri. Wanawake walipigiana kuulizana bei ya chumvi waliyokuwa wanaijua. Mfugaji mmoja alipangiwa zamu na shemeji yake ambaye walikuwa wamenyimana salamu kwa sababu ya uzio, bila Kiguu kujua habari ya uzio. Waliposikiana sauti walitukanana hadi simu ikakatika, na wiki iliyofuata wakarudi wote wawili, maana matusi yalikuwa hayajaisha.

Watu wa bonde la chini peke yao hawakuingia katika mchezo. Mkunga wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alimwambia Kiguu, "Sisi hatuna wa kusalimia huko. Tukipiga tutapiga kwa shida." Kiguu alikasirika, akaona wanamharibia hesabu.

Baada ya mavuno meneja alimwita mjini. Safari hii hakungojeshwa ukumbini.

"Mama," meneja alisema, "simu zenu zinapigiana zenyewe."

Kiguu akasogeza kiti karibu na meza.

"Cha machimboni kinapiga njiapanda, njiapanda inapiga misitu, misitu inarudi machimboni. Wakubwa wangu wameona, wamecheka. Wangeweza kuving'oa vyote leo." Akageuza karatasi mezani. "Kimoja tu kinapiga nje. Cha bonde la chini. Kinapiga hospitali, kinapiga kwa daktari wa mifugo, kinapiga soko la mazao. Kwa sababu ya hicho nimepewa ruhusa ya kuacha kibanda kimoja. Kimoja. Sikuandikiwa kipi. Kamati yenu ichague."

Alilisema kwa adabu ileile. Lakini Kiguu alielewa. Akichagua meneja, watu watamchukia meneja. Wakichagua wao, watachukiana wenyewe kwa wenyewe. Alishuka ngazi za ofisi ile polepole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Hila zake ndizo zilizovimaliza vibanda vitatu. Angewaacha watu wapige kwa shida zao, labda machimboni wangekuwa na simu chache za kweli za kuonyesha.

Kamati ilikutana kwenye karakana ya seremala, watu wameketi juu ya mbao, maranda yamejaa chini. Watu wa misitu walijitoa mapema. Ofisi yao sasa ilikuwa imeletewa redio ya upepo ya kuitia mjini, wakasema watamfuata mwenyekiti. Wa bonde la chini walitaka kwao. Wa njiapanda walitaka kwao. Na kwa machimboni alisimama yule aliyekatwa mguu, ameegemea magongo. Hakuhutubia. Alisema tu, "Mnajua kwa nini nimekuja," akakaa.

Kura zikawa sawa kwa sawa, pande tatu. Macho yote yakamgeukia Kiguu.

Muuza duka la njiapanda, jirani yake wa miaka mingi, alijipepea kwa ukingo wa kanga. "Mwenyekiti, tumalizane, nina wateja. Kura yako tunaijua. Mtu hafukuzi kuku wake akafuga wa jirani."

"Nipeni muda kidogo," Kiguu alisema, akatoka nje.

Alianza kuizunguka karakana. Alipita dirishani, wakamwona; akapita tena, wakamwona tena. Machimboni kulikuwa na malori karibu kila siku, ingawa siku ile ya jiwe hayakuwapo, na mwenye machimbo siku hizi alikuwa na gari lake. Njiapanda kulikuwa na kile kilima, na wingu halikukaa kilimani kila siku. Bonde la chini, barabara ikikatika kwa mvua, kulikuwa na mkunga na mikono yake miwili basi. Alijua jibu tangu mzunguko wa kwanza. Kilichomzungusha ni kwamba ndani alikuwapo mtu asiye na mguu, na jirani aliyemkopesha unga na kumlelea watoto walipokuwa wadogo.

Mumewe alimfuata nje, akasimama njiani kwake ili ashindwe kupita.

"Unatafuta nini huku nje?"

"Natafuta sababu ya kupigia kura kwetu."

"Umeipata?"

"Sijaipata."

"Basi ingia, mke wangu. Utanichakazia kiwanja."

Aliingia, akasema akiwa amesimama, "Bonde la chini." Sauti haikutoka vizuri, ikabidi arudie.

Muuza duka aliinuka kwanza. "Haya. Umeezua paa letu ukaezekee kwa wengine. Mungu akupe mvua ya kutosha." Akatoka, na watu wa njiapanda wakamfuata mmoja mmoja. Mkunga wa bonde la chini alimshika Kiguu mkono akaubana. Aliyebaki ni yule mchimba mawe wa mguu mmoja, akitafuta gongo lake moja lililoteleza kwenye maranda. Kiguu alimwokotea.

"Ningekuwa na miguu yangu yote," yule mtu alisema, "leo ningetoka kwa hasira mkaniona. Sasa itabidi nitoke polepole."

"Machimboni nitarudi kuwapigania."

"Rudi," alijibu. "Lakini safari hii usitufundishe kusalimiana."

Siku ya kung'oa, gari la kampuni lilipiga breki mbele ya dirisha. Mdogo wake alishuka, akavaa glavu, hakumtazama.

"Dada, ingia ndani. Sitaki uone."

"Nikiingia ndani nitavunja kitu. Nipe kazi."

Fundi alisita, kisha akampa spana. Dada alifungua nati za chini, mdogo wake akafungua za juu, na watu wakatazama kutoka kibarazani kwa muuza duka bila kuja kusaidia. Nati moja ilikuwa imeshika kutu, ikabidi waivute pamoja, mikono juu ya mikono. Kibanda kilipoinuka, chini yake kilibaki kipande cha saruji cheupe, safi kuliko barabara nzima. Fundi alifuta uso kwa mkono wa shati. Alisema kazi hii alikuwa ameifanya vijiji vingi na hajawahi kuona aibu hadi leo.

"Si aibu yako," Kiguu alimwambia. "Funga kamba vizuri, vioo visivunjike."

Kijiji kilimwadhibu kwa namna ambayo vijiji hujua. Hakuna aliyemtukana. Walipeleka tu nguo zao kwa mshonaji wa kijiji kingine, mwanamume aliyeshona mikono mirefu kupita mwili, wakazivaa hivyohivyo na kupita nazo mbele ya dirisha lake. Kiguu alikanyaga cherehani tupu ili mguu usife ganzi. Hakujitetea. Alipozidiwa, alichukua baiskeli akateremka bonde la chini, akaukagua mkonga, akafuta vioo, akapandisha tena mlima akihema. Mumewe alimtengenezea kiti cha nyuma chenye kisanduku cha kubebea grisi na matambara. Hakutoa hotuba, alimpa tu kisanduku, akarudi kwenye randa yake.

Mvua kubwa zilipokuja, barabara ya bonde la chini ilikatika kama kawaida. Kulitokea mzazi aliyepata shida, na mkunga alisimama kwenye kibanda akizungumza na daktari, anakimbia kwa mzazi, anarudi kwenye simu, hadi mtoto akatoka analia. Habari hii haikumfikia Kiguu kwa shangwe. Ilimfikia baada ya maji kupungua, kwa mdomo wa dereva wa lori aliyekuja kushonewa suruali, na dereva alikuwa anasimulia zaidi habari za lori lake lililokwama. Ilibidi Kiguu amrudishe nyuma mara kadhaa ili apate habari yenyewe. Alipoipata, aliketi. Dereva alishangaa kumwona ameketi.

Muuza duka naye aliipata habari, maana dukani kwake hakuna kinachopita bila kupimwa. Hakuja kuomba radhi, na Kiguu hakuitaka. Alimtuma binti yake na kitambaa cha maua na ujumbe kwamba mikono isiwe mirefu. Baada yake wakaja wengine, wakilalamikia bei kama zamani, na chumba cha njiapanda kikajaa tena vipande vya nguo na maneno.

Si wote waliosamehe. Wapo hadi leo wanaomwita kwa jina lake la cheti cha ndoa, kwa ubaridi, na hilo linamuuma kuliko tusi. Akipita pale penye saruji hupageuzia uso. Mumewe humwambia muda utapaponya, naye hujibu kuwa muda una kazi nyingi, hauwezi kuachiwa kila kitu.

Kuhusu machimboni, alitimiza neno lake. Safari hii hakupanga zamu za mtu yeyote. Alikwenda kwa mwenye machimbo na yule mchimba mawe wa magongo, wakakaa kwenye kibaraza chake hadi akachoka kuwaona, akakubali kuchangia nguzo. Kampuni ikasema italifikiria. Ikalifikiria majira mawili ya mvua.

Asubuhi moja Kiguu aliingia tena kwenye ukumbi ule wa viti vilivyofungwa pamoja, vumbi la lori kichwani. Katibu muhtasi alimwona akashusha pumzi.

"Mama, meneja yuko kwenye kikao."

"Najua," Kiguu alisema, bila kusimama, akielekea mlango wa ndani. "Kuhusu machimboni. Waambie wasogee, na mimi nakuja kwenye kikao hichohicho."